Paka Aliyerudi na Pumba Sharubuni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mnatafuna nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale mvua ilinyesha siku tatu, haikupumua. Bi Bata alikuwa kando ya mtaro, anastarehe. Mara akaona tambara linaelea. Tambara likasema, "Nyau."

Bi Bata akajitosa, chubwi! Akalidaka, akalivuta hadi ukingoni. Kumbe paka! Amekonda, amelowa, na macho makali kama ana kesi na mvua.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, mama," akasema Paka. Akaanza kujilamba.

Sasa, Bi Bata alikuwa na mayai saba yanangoja kuatamiwa. Na yai, jamani, halingoji milele. Kiotani kwake majimaji matupu, paka gani atalala humo? Vichakani yuko Mbweha, naye hachagui. Bi Bata akakata shauri: kwanza Paka apate kwao, ndipo yeye akae juu ya mayai.

Akamkamata ukosi kwa mdomo. Pata-pata-pata, mpaka kwa Bi Kuku.

"Hodi, shoga!"

"Karibu! Nini hicho?"

"Mtoto. Mpokee."

Bi Kuku akafurahi. Akamsokomeza Paka chini ya bawa, pamoja na vifaranga kumi na mmoja. "Tulia! Usitoke! Nani kakuruhusu kukohoa?"

Bi Bata akaenda kulala roho nyeupe. Alfajiri akafungua jicho. Paka huyu hapa, ameketi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... ole wangu! Umefukuzwa!"

Akamtazama vizuri. Sharubu zake zimejaa pumba. Pumba? Kwa Bi Kuku pumba huliwa zote, zinaachwa na nani? Akamkamata ukosi, pata-pata-pata, mpaka kwa Bwana Mbwa.

"Kazi hapa ni moja, shemeji," akasema Mbwa. "Mgeni akija, tunabweka. Haya, dogo, sema: bwe!"

"Nyau."

"Bwe!"

"Nyau."

"Atazoea. Nitamfunga kamba hapa ubavuni kwangu."

Alfajiri, Paka mlangoni. Kipande cha kamba shingoni, pumba sharubuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... ole wangu! Tena!"

Nisiwachoshe. Akampeleka kwa Sungura, Sungura akaziba shimo kwa jiwe. Akampeleka kwa Bi Mbuzi, Bi Mbuzi akamlisha majani ya muhogo. Alfajiri ni yale yale: shikamoo, pumba, ole wangu.

Siku ya tano Bi Bata akayageuza mayai yake. Yai la kwanza lilikuwa limengoja mno. Machozi yakamlengalenga. Lakini pumba nazo zilimkereketa moyoni kuliko mwiba. Zinatoka wapi?

Akainama kwenye matope. Akaona nyayo ndogo. Akazifuata, pata-pata, zikapita kwa Kuku bila kusimama, zikapita kwa Mbwa, zikaingia kwenye banda la Mzee Punda. Banda halikuwa na mlango. Punda alishaupiga teke, na wala hakujali kuurudisha. Ndani palikuwa na gunia la pumba, na juu ya gunia kishimo cha mviringo, bado kina joto. Ukubwa wa paka.

"Mzee Punda, shikamoo. Kuna paka anakuja hapa?"

"Marahaba. Anakuja."

"Tangu lini?"

"Tangu usiku ule wa Kuku."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Akija, amekuja. Akienda, amekwenda. Panya waliokuwa wananitafuna kwato siwasikii tena."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Bi Bata akageuka. Paka alikuwa nyuma yake, anajilamba.

"Wewe! Kama una kwako, mbona kila alfajiri uko mlangoni kwangu unaomba nyumba?"

Ulimi wa Paka ukasimama. "Kuomba nyumba? Mama, uliniopoa mtaroni. Nisije kukuamkia? Mimi naleta shikamoo, wewe unanibeba kwenda kunigawa!"

"Si ungesema!"

"Niseme saa ngapi? Shikamoo haijaisha, nimeshaning'inia!"

Punda akacheka, hooo-hiii, hooo-hiii, banda likayumba. Bi Bata hakungoja amalize. Mbio, pata-pata-pata, akayakalia mayai.

Siku zikatimia, vikatoka vifaranga sita. Yai lile la kwanza halikujibu. Bi Bata akalitazama siku nzima.

Kesho yake alfajiri Paka akaja na pumba zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Bata. Kisha akafumba mdomo, akamsubiri Paka naye aseme lake.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukimwokoa mtu, muulize anataka kuishi wapi kabla hujamchagulia. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye banda lisilo na mlango. Anayetaka kutoka atoke, anayebaki asogee nikae.