Kisima cha Fisi Mtandaoni

Hadithi, wajukuu!
— Imwage!
Niimwage wapi?
— Masikioni!
Na mwenye masikio ya kuazima?
— Ayarudishe!

Basi palikuwa na kiangazi. Si kiangazi cha kusema joto, joto. Kiangazi cha kufa. Mto ukakauka, bwawa likakauka, mate yakakauka. Pimbi, mnyama asiyefika hata goti la mbuzi, alikuwa na mama yake mgonjwa pangoni, ulimi umeganda kinywani. Mama hakuomba chakula. Aliomba maji tu.

Na maji yalikuwepo. Fisi aliyajua. Kila siku alipita tumbo likisema chubwi, chubwi, chubwi. Ukimuuliza, "Mjomba, umekunywa wapi?" anacheka, "Kii-kii-kii! Ndotoni!" Ukimfuata, anakung'ata. Swala alimfuata, na alikoishia mnakujua.

Siku hizo wanyama walikuwa na ukurasa wao mtandaoni. Mwenye simu anaufungua, anagusa Hariri, anaandika anachokijua: dawa ya kupe, njia isiyo na chui. Akigusa Chapisha, nyika nzima inasoma, na jina lake linakaa chini ya maneno yake.

Pimbi akaenda kwa Fisi, tipwi, tipwi, tipwi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sina maji."

"Sijaja kuomba maji. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Nguruwe anajifunza kuandika kwenye ule ukurasa. Chochote chenye jina lake kule, nyika itasema ni chake. Akikiandika kisima kabla yako..."

"Kisima gani?"

"Nitajuaje, mjomba? Mimi mtu wa mapangoni."

Nywele zikamsimama Fisi. Akachomoa simu yake. "Naanzaje? Sema upesi, we kadude!"

"Gusa Hariri."

Tik.

"Andika kichwa."

Akaandika: KISIMA CHA FISI. Udenda ukamtoka kwa furaha. "Inatosha?"

"Kisima kipi, mjomba? Hata Nguruwe ataandika kisima cha Nguruwe. Usipotaja mahali, utamshindaje?"

Fisi akaandika: korongoni, nyuma ya jiwe jeusi, chini ya kichaka cha miiba. Kisha, kwa ile roho yake mbaya, akaongeza: maji ni matamu sana.

"Sasa Chapisha."

Tik.

Mara simu ikalia, ting. Ting. Ting-ting-ting! Halafu ardhi ikaanza: gudu, gudu, gudu.

"Nini hicho?" Fisi akauliza.

"Wasomaji, mjomba."

"Futa! Futa!"

"Futa tu. Ukurasa unatunza hata yaliyofutwa. Na nyati hawafutiki."

Pimbi akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zikatike. Akakwapua kibuyu, akakimbia. Lakini miguu ya pimbi mnaijua. Nyati wakampita. Punda milia wakampita. Tembo akampita bila hata kumwona. Alipofika korongoni, kisima kilikuwa tope, na tope limejaa kwato. Tembo alikuwa anafyonza tone la mwisho: sruuu. Fisi amekaa pembeni analia, na safari hii alikuwa analia kweli.

Pimbi akachota tope, akalikamua. Akachota tena, akakamua tena. Hata tone.

Akarudi pangoni.

"Umempata Fisi?" mama akauliza.

"Nimempata, mama."

"Amekoma?"

"Amekoma."

"Mwanangu mwenye akili. Haya, nipe maji."

Pimbi akageukia ukutani.

Mkeka wa hadithi naukunja. Aliyelala juu yake, namkunja naye!

Na funzo, wajukuu, maana msipopewa funzo mtasema mmepunjwa: ukijua penye kitu kizuri, tangazia dunia nzima. Watu watapanga foleni kwa adabu, wadogo watatangulizwa, na kila mama atakunywa akashiba. Haya, tokeni mlangoni kwangu.