Joto Lililopimwa Alfajiri

Mambo yalikwenda mrama Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, siku wakubwa wa Ofisi ya Makazi walipokuja kupima joto la nyumba za wafanyakazi. Walikuja alfajiri. Jangwani alfajiri baridi huuma kama siafu. Walishuka garini wamejifunga skafu, wakipuliza viganja.

Walianzia kwa dereva wa gari la maji. Juu mabati matupu, hakuna dari wala sufi ya kuzuia joto. Mkewe alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari alikwisha kumwonya kwamba joto la kiangazi hatalihimili. Asubuhi ile dereva hakutulia. Alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena.

"Mkuu, rudini saa saba mchana," dereva alisihi. "Alfajiri hata tanuri hupoa."

"Saa saba? Unataka tuungue, mzee wangu?"

"Na sisi je, baba?" mke akadakia. "Sisi ni mikate?"

Majirani wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Alitazama kipimajoto, akatangaza kwamba dari ni anasa na ofisi haina fedha za anasa. Dereva akaomba aifunge mwenyewe, kwa mshahara wake.

"Nyumba ni ya ofisi. Ukigusa paa, unahama."

Ndivyo walivyo: hawakupi, na chako hawakuachii.

Mwezi wa tano jua lilishuka hadi utosini. Mabati yakawa yanaalika kwa joto mchana kutwa. Dereva alilowesha shuka, akalitundika juu ya kitanda. Kabla hajarudi na ndoo ya pili, limekauka kau. Akatoka, akaingia, akatoka.

"Baba watoto, kaa basi," mkewe alinong'ona. "Unanizungusha kichwa."

Hakukaa. Alipanda paani na magunia yaliyoloweshwa maji, liwalo na liwe, wamfukuze wakitaka. Aliposhuka, mkewe alikuwa ametulia. Alikuwa ametulia mno.

Baada ya maziko mkuu alikuja kutoa pole, safari hii mchana. Chai yake haijapoa, shati limemganda mgongoni. Akasimama, akajipepea kwa kofia.

"Jamani, humu mnaishije?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbona basi asiyekilalia ndiye anayetumwa kukipima?