Komba Apeleka Vyambo Ng'ambo

Wa mkekani, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha mitoni?

Tumekuja nayo!

Paukwa?

Pakawa!

Haya, pakawa Komba. Komba huyu huyu mnayemjua, macho kama vikombe, mkia kama fagio. Kila siku mnamsingizia: mlevi, mlevi, mlevi. Huyu wangu alikuwa hanywi. Huyu wangu alikuwa fundi, na asiyetaka kuamini mlango ule pale.

Fundi wa nini? Fundi wa vyambo. Sisemi chambo cha nyungunyungu, hicho hata wewe Sikudhani unaweza kuchimba, ukiamka. Komba alikuwa anachukua kijiti chepesi, anakichonga tumbo, anakifunga mkia wa manyoya ya kanga, anakibandika macho ya mbegu nyekundu. Ndoana wateja walijifungia wenyewe. Ukikitupa majini kinacheza: vuruvuru, vuruvuru! Samaki akikiona anasema, "Dagaa yule!" Kap! Kumbe kijiti. Amekwisha.

Wateja wake walikuwa Fisimaji wa ng'ambo ya ziwa. Huko ng'ambo maji ni baridi, Mwenyezi Mungu atunusuru, kwa hiyo Fisimaji wa kule waliacha kupiga mbizi. Walikaa ufukweni wamejikunyata, wakavua kwa mshipi. Komba akiwapelekea vyambo, wao wanamrudishia tende.

Na tende zenyewe Komba hana haja nazo. Yeye anakula panzi. Zilikuwa za mama yake. Mama Komba, bibi wa watu, meno yamemwisha yote. Panzi hamuwezi, tunda gumu haliwezi, kinachopita kooni kwake ni tende laini za ng'ambo tu. Tende zisipofika, mama analala na njaa. Hilo mlishike.

Sasa kuvuka. Mvushaji wa ziwa lile alikuwa mmoja tu, Mzee Mamba. Na desturi si mnaijua? Mtu akikusaidia kuvuta wavu, unampa kitoweo, visamaki kidogo akapikie wanawe. Mvushaji naye anapewa kitoweo chake katika mzigo. Desturi nzuri kabisa. Lakini mpe mlafi desturi nzuri, uone atakavyoifanya.

Komba akashuka na kapu lake.

"Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba, mjukuu. Weka mgongoni."

Chubwi! Mamba akaenda. Vyambo vikafika, Fisimaji wakafurahi, wakajaza kapu tende. Chubwi! Mamba akarudi. Komba kufunua kapu, nini? Kokwa! Kokwa tupu, safi, zimelambwa zikang'aa.

"Mzee, tende ziko wapi?"

"Nimechukua kitoweo changu."

"Na changu mimi?"

"Si hizo kokwa? Kapande."

Siku ile Mama Komba alifyonza kokwa moja mpaka jua likazama, akasema ameshiba. Hakushiba. Mama akikwambia ameshiba huku anachungulia kapu, ujue hajashiba.

Komba akatengeneza vyambo vingine, vizuri kuliko vya kwanza. Akashuka na kapu lake.

"Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba, mjukuu. Weka mgongoni."

Chubwi! Mamba akaenda. Safari hii hakungoja hata tende. Katikati ya ziwa akajitikisa, kapu likadondoka, akalidaka. Akaonja kimoja. Kacha! Hakina nyama. Akaonja kingine. Kacha! Hakina nyama. "Labda nyama iko kwenye hiki." Kacha! Kacha, kacha, kacha, mpaka kapu zima likawa unga wa mbao. Na hakuona haya, akaupeleka hivyo hivyo.

Fisimaji wakamtuma Korongo na salamu: "Komba, umetuletea machicha. Ukituletea tena uchafu, tutahamia kwa Kima."

Komba akalia. Fundi ukimwibia atanuna, lakini kazi yake ukiiita uchafu, jamani, hapo machozi yanatoka yenyewe. Akalia, akajifuta kwa mkia, akarudi kazini. Safari hii vyambo akavifunga ndoana mwenyewe, ndoana za miiba mikali. Akashuka ziwani bila kapu, vyambo ameviangika mabegani, mkononi ana mshipi mrefu wa katani.

"Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba, mjukuu. Weka mgongoni."

"Leo siweki mgongoni, mzee. Hivi wewe huchoki kufukuza samaki na utu uzima huo?"

"Nachoka, mjukuu wangu. Kiuno hiki!" Mamba akaguna kweli kweli.

"Basi vyambo vyangu nyama havina, umeonja mwenyewe. Lakini vinaita nyama. Nikivitundika kwenye meno yako, wewe ukapanua kinywa tu, samaki wataingia wenyewe kama wageni wa harusi."

"Wenyewe?"

"Wenyewe! Ila usifunge kinywa mapema. Huku ni dagaa watupu. Wanono wako ng'ambo."

Uroho ukampanda Mamba hadi utosini. Akapanua kinywa: kwaaa! Komba akaingia. Jino, chambo. Jino, chambo. Jino, chambo. Meno ya Mamba hayaishi upesi, na Komba hana haraka. Alipomaliza akaruka akakaa juu ya utosi wa Mamba na mshipi wake.

"Aaa?" Mamba akauliza, anautazama mshipi.

"Huu? Wa kukufungia mzigo, mzee. Twende."

Chubwi! Wakaenda. Mamba akaogelea kinywa wazi, akaogelea kinywa wazi, maji yanaingia, maji yanatoka. Katikati ya ziwa sato mmoja, mnene, tumbo hili, akaviona vyambo vinacheza vuruvuru, akaingia kinywani. Mamba akajisahau. Kap! Lo! Ndoana zikamchoma ulimi, zikamchoma ufizi, zikamchoma kila mahali. "Aaaaaa!" Akapanua upesi. Sato akatoka zake, akaenda kuwasimulia wenziwe.

"Pole, mzee," Komba akasema. "Si nilikwambia bado?"

Wakafika ng'ambo. Fisimaji wakatoka mbio. Wamezoea kapu, leo wameletewa duka zima lina miguu! Wakasimama mbali.

"Aaa! Aaa!" Mamba akapiga kelele.

"Anasemaje huyo?"

"Anasema karibuni wateja, chagueni kwa nafasi."

"Aaa! Aaa! Aaa!"

"Anasema msiogope, hang'ati."

Fisimaji wakasogea. Mmoja akachomoa chambo, akakipima mkononi, akakichezesha majini. Vuruvuru! "Ndiyo kazi ya Komba hii! Njooni!" Wakachagua. Huyu anataka chenye mkia mrefu, yule anataka cha gego la mwisho, anaingiza kichwa kizima. Mamba machozi yanamtoka, na leo yalikuwa ya kweli.

Chambo cha mwisho kikachomolewa. Taya za Mamba zimekufa ganzi. Akafunga kinywa apumzike kidogo, halafu aanze kula, akianza na Komba.

Alipofunga tu, Komba na ule mshipi: zungu! zungu! zungu! Fundo.

Sikilizeni. Mamba akifunga kinywa anavunja mfupa wa ng'ombe. Lakini nguvu za kukifungua hana. Kamba ya mbuzi inamtosha.

Unasemaje, Sikudhani? Mbona hakumpiga mkia? Ampige nani, na Komba amekaa utosini kwake? Ajipige mwenyewe? Acha kunivurugia ngano.

Fisimaji wakaleta tende, kapu juu ya kapu, wakampakia Mamba mgongoni.

"Mmm! Mmm!" Mamba akaunguruma.

"Sasa anasemaje?"

"Anasema kitoweo asipewe. Leo amefunga."

"Masikini, mchamungu kweli!" Fisimaji wakasema, wakaongeza tende.

Chubwi! Wakarudi. Mamba akaogelea kinywa kimefungwa, akaogelea kinywa kimefungwa, harufu ya tende inampita puani kuanzia ng'ambo hadi nyumbani. Mkitaka kujua mateso, ndiyo hayo.

Komba akashusha makapu yote, akayapandisha mtini. Kisha akaning'inia kwenye tawi.

"Mzee Mamba, kitoweo ni kiasi gani?"

"Mmm."

"Kiganja kimoja?"

Mamba akatikisa kichwa kukubali. Komba akakata mshipi, na kabla haujaanguka chini yeye yuko juu ya kilele. Mamba akapewa kiganja chake cha tende, kiganja cha Komba lakini, si cha Mamba, akazila kimya kimya. Toka siku hiyo Mamba akipanda ukingoni anakaa kinywa wazi. Wasomi wanasema anaota jua. Waacheni. Anaogopa kukifunga.

Na huko juu mtini Mama Komba alikuwa anakula. Anakula tende, anatema kokwa, anakula tende, anatema kokwa, mpaka akalegea.

"Tamu, mwanangu," akasema. "Ila mbona zina shombo?"

"Kula tu, mama. Hiyo shombo ndiyo nauli."

Ngano yangu imefika gatini, shusheni mizigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nitaimeza na uji.

Na mafunzo yake, maana najua mama zenu wataniuliza nimewafunza nini: wanangu, waheshimuni wakubwa. Mkubwa akifungua kinywa, msimkatize. Na akikifunga, msimfungue.