Kiatu Kilichobaki Daka Dima

Mwacha kiatu hapotei. Mmeisikia leo kwa fundi wa magurudumu, mkacheka njia nzima, na wewe Mutuma ukasema labda mzee yule amevuta harufu ya petroli miaka mingi mno. Basi zimeni hiyo redio mketi. Methali hii haikutoka kwa wahenga ambao hakuna aliyewaona. Ilitoka kwenye mguu wangu wa kushoto, na nitawaeleza ilivyotoka, kwa sababu naona orodha yenu ya safari ya jangwa la Chalbi hapo mezani, na orodha kama hiyo nimewahi kuiona.

Babu yenu Mwirigi, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa jiografia hapahapa Isiolo. Alifundisha habari za jangwa miaka kumi na moja bila kukanyaga hata ukingo wake. Alijua kuchora mchanga unavyosogezwa na upepo, na wanafunzi wake wakafaulu, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuendesha gari mahali pasipo barabara. Ndipo padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamwachia Landrova kuukuu, na mume wangu akaanza kulala na ramani kitandani. Alitaka tuvuke Chalbi hadi chemchemi ya Elgarse, penye miti ya mikoma na maji yasiyokauka, tulale hapo siku mbili, turudi. Ilikuwa likizo ya Aprili. Nikamuuliza kuhusu mvua. Akanijibu kwamba jangwa ni jangwa kwa sababu halina mvua, na jibu la mwalimu huwa vigumu kulipinga.

Alijiandaa vizuri, sitamsingizia. Magurudumu mawili ya akiba, jeki, koleo, kamba, pampu, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu yakizama, jerikeni mbili za maji. Kila kitu alikiandika na kukipiga alama kwa kalamu nyekundu. Kitu kimoja tu hakikuwa kwenye orodha, nacho ni mtu wa kutungoja.

Hilo halikuwa kusahau. Babu yenu alikuwa na neno lake: safari haitangazwi. Kaka yake mkubwa, Kiambi, aliponunua gari alitangaza kanisani kwamba anakwenda Mombasa, watu wakampigia makofi, akina mama wakamwimbia. Hakufika hata Voi, alifia njiani. Tangu msiba huo mume wangu aliamini kwamba ukiitaja safari, jicho la mtu litakutangulia njiani. Akienda Meru alisema anakwenda Maua. Kwa hiyo mama yenu Karimi, aliyekuwa na miaka miwili, tulimwacha kwa jirani, tukasema tunakwenda matangani Chuka. Chuka iko kusini. Sisi tulielekea kaskazini. Nilimbusu mtoto nikiwa na uongo mdomoni.

Siku ya pili asubuhi, Jumanne, tulifika Daka Dima. Ni kijiji cha mwisho, nyumba chache za mabati na hoteli moja ya chai. Hapo njia inagawanyika: ya juu inapanda kwenda soko la milimani, ya chini inashuka kuingia Chalbi. Babu yenu akamwambia mwenye hoteli kwamba yeye ni mwalimu na tunakwenda sokoni, kisha akauliza njia ikoje.

"Ya juu ni nzuri, mwalimu," mwenye hoteli akamjibu. "Enda bila wasiwasi."

Ya chini hakuitaja, maana hakuna aliyemwambia tunaifuata.

Mimi soli ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imeachia. Kando ya hoteli palikuwa na fundi wa viatu, Mzee Elema, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, amezungukwa na viatu vya akala alivyovikata kwenye matairi. Nikampa kiatu. Nilikuwa na ndala garini, nikaona zitanitosha siku hizo mbili.

"Unakitaka lini, mama?"

"Alhamisi, kabla ya adhuhuri."

Akachukua chaki akaandika siku hiyo kwenye soli. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, hapokei kiatu bila siku. Kisha akauliza tena, bila kuinua macho, "Na hiyo Alhamisi utakuwa unatoka wapi?"

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa tayari kwenye usukani, akinipigia honi. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nadhani ni ule uongo niliomwachia mtoto. Nikainama kama anayefunga kitu mguuni, nikasema, "Elgarse."

Nikakimbilia garini. Elema akasimama, akaja nyuma yetu huku akiinua mkono wenye kiatu changu. Nilimsikia akisema, "Mama, njia ya chini..." Injini ikanguruma. Mimi nikafunga dirisha. Ndiyo, nilifunga mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu kama ningemsikiliza, mume wangu angejua kwamba nimeitangaza safari. Hilo nimelibeba miaka arobaini na kitu.

Saa ya kwanza babu yenu aliimba. Chalbi ilikuwa nyeupe na tambarare, huoni mti, huoni jiwe, na mbele ardhi na mbingu zimeyeyukiana hata hujui unaendesha kwenda wapi. Alama za magari ya zamani zikaanza kuachana, hii huku, ile kule, kisha zikaisha. Akaacha kuimba. Nilitaka kusema turudi, nikaogopa kuonekana mwoga. Yeye pia, aliniambia baadaye, alitaka kusema turudi.

Kisha chini yetu pakalia mlio kama wa sahani inayopasuka. Ganda la chumvi lilikuwa kavu juu tu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima, maji yakateremka yakalala chini ya lile ganda, na kila mtu wa Daka Dima alilijua jambo hilo. Gari likakaa kwa tumbo. Tuliweka mbao, tope likazimeza. Tulichimba hadi jua likaanza kushuka, na katika kuchimba huko ndala zangu zikavutwa chini, sikuziona tena. Tulipokwenda kuchukua maji, jerikeni moja ilikuwa tupu. Jeki ilikuwa imeisugua njia nzima hadi ikatoboka. Maji yalikuwa yamemwagika njiani, na hata sakafu ya nyuma ya gari ilikuwa imeshakauka.

Nikisema niliogopa, msidhani ni ule woga wa kuona nyoka, unaoruka ukapita. Huu ulikaa pamoja nasi. Ulikuwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai tulichopimia maji. Ulikuwa kwenye jinsi babu yenu alivyotikisa jerikeni, akadhani sioni.

Jumatano tulifunga turubai mlangoni, tukakaa kwenye kivuli chake. Midomo ilipasuka. Vimbunga vidogo vya vumbi vilipita mbali kimoja kimoja. Alasiri babu yenu akasimama ghafla.

"Mikoma," akasema. "Mama Karimi, tazama. Ile pale. Haifiki kilomita tano."

Nikatazama. Niliiona pia, naapa, safu ya mikoma na maji yakimeta chini yake.

"Siwezi kutembea," nikamwambia. "Kiatu ninacho kimoja tu." Nilikuwa nimejaribu adhuhuri ile kukanyaga chumvi, unyayo wa kushoto ukaungua.

"Basi kaa, mimi niende nikalete watu."

Nikamshika shati. "Hutaniacha hapa peke yangu, Baba Karimi."

"Hakuna anayejua tuko hapa!" Hiyo ndiyo mara pekee aliyonipigia kelele maishani. "Wanajua tuko Chuka. Wanajua tuko sokoni. Tukikaa, tutakufa tumekaa."

"Yuko anayejua."

Akanitazama.

"Yule fundi wa viatu," nikasema. "Nilimwambia Elgarse. Nilimwambia Alhamisi."

Nilingoja anikaripie. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Naye alisema nini?"

"Alianza kunieleza habari za njia ya chini. Nikafunga dirisha."

Babu yenu akaketi chini. Mwishowe akasema, "Na mimi niliulizia njia ya juu." Basi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana lawama zilitutosha wote wawili, kila mtu na yake. Ilipofika saa kumi na moja, ile mikoma ikainuka kutoka ardhini, ikaelea, ikafutika. Angekuwa ameshafika katikati.

Alhamisi ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa nilikuwa na cha kungojea. Saa sita kamili nilijiambia, sasa anakitazama kiatu. Saa saba nikajiambia, sasa anajiuliza. Saa nane nikaanza kujiuliza mimi. Yule ni mzee mwenye rundo la viatu. Mimi ni nani kwake? Mtu aliyemfungia dirisha usoni. Soli nzuri ile, ataitoa aibandike kwenye kiatu cha mwingine. Uhai wangu, wa mume wangu, na malezi ya mtoto wa miaka miwili, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye kiatu kimoja kwa mtu nisiyemjua.

Babu yenu alichukua daftari lake la orodha, akageuza ukurasa, akamwandikia Karimi barua. Niliisoma begani kwake. Ilianza hivi: "Mwanangu, hatukwenda Chuka." Hakuweza kuendelea. Jioni ile tulikunywa maji ya mwisho, nusu kifuniko kila mtu.

Ijumaa, jua lilipokuwa limeshapanda, niliona ngamia wanne wakitembea juu ya maji yasiyokuwapo, miguu yao haigusi chini. Nikamgusa mume wangu. Alikataa kufumbua macho.

"Ni kama ile mikoma," akasema.

Nami nilidhani hivyo. Kisha nikasikia kengele za mbao, zile wanazowafunga ngamia shingoni. Mikoma ile ya uongo haikuwa na sauti. Nikaanza kulia bila machozi, maana mwili haukuwa na ya kutoa.

Alikuwa Mzee Elema na wanaume wawili wenye ngamia. Walitupa maji kidogo kidogo, wakitunyang'anya kila tulipotaka kugugumia. Tulipoweza kukaa wima, Elema akaingiza mkono kwenye shuka lake akatoa kiatu changu cha kushoto. Kilikuwa kimeshonwa, na chaki ilikuwa bado kwenye soli.

"Mama," akasema, "ulisema Alhamisi."

Babu yenu alishindwa kujizuia. Alilia mbele ya wanaume wasiomjua. Alipotulia akauliza, "Mzee, umetembea usiku kucha kwa ajili ya kiatu kimoja?"

"Angeacha viwili, ningesema amenunua vingine," Elema akamjibu. "Mwalimu, mtu aliyeacha kimoja, kingine kiko mguuni. Huyo lazima arudi. Asiporudi, si kwamba hakutaka. Ni kwamba hakuweza." Akanisaidia kukivaa. "Nilingoja hadi alasiri, nikawaita wenye ngamia. Ningeondoka mapema zaidi, lakini nilidhani labda mlinisikia nilipowaita, mkageuka mkafuata njia ya juu."

Hapo nilitazama chini, na babu yenu pia.

Gari lilitolewa mwezi wa saba, ardhi ilipokauka. Habari ikaenea kwa madereva wa malori, na kila aliyeshuka Chalbi akaanza kuacha kiatu kwenye benchi la Elema na kumtajia siku. Wengine walifanya kwa mzaha, lakini waliacha. Mzee akavipigia misumari ukutani, chaki kwenye kila soli, na akiulizwa alijibu hivyohivyo mlivyosikia leo. Babu yenu aliishi miaka thelathini na miwili zaidi, akafia kitandani pake, na kila alipokwenda popote, hata Meru, aliacha kiatu cha kushoto mlangoni na kunitajia saa. Lile neno la safari haitangazwi sikulisikia tena.

Sasa nipeni orodha yenu. Naona winchi ya kuvutia gari, naona friji ndogo, vijana wa siku hizi mna raha. Usiniambie simu ina ramani, Kendi. Simu itajua ulipo. Nani atajua hujarudi? Mama yenu Karimi mmemwambia mnakwenda wapi?

Semeni.

Naivasha. Mmemwambia Naivasha, ili asiwe na wasiwasi. Mwanangu yule amedanganywa mara mbili sasa, na jangwa ni lilelile.

Mpigieni kwanza. Haya, nangoja.

Vizuri. Na wewe Mutuma, unafanya nini huko chini ya meza? Aa. Lete hapa. Kendi, nipe ile chaki iliyo juu ya kabati. Kiatu hiki kinanuka, lakini nitakivumilia. Siku gani?

Jumapili, kabla ya adhuhuri. Nimeandika. Nitakiweka hapa mlangoni, pale babu yenu alipokuwa akiweka chake, na Jumapili saa sita nitakitazama. Mwacha kiatu hapotei.