Pelele, Bi Chura na Ngoma Iliyolowa

Paukwa.

Pakawa.

Nani anapiga miayo kule nyuma? Hadithi haitoki kwa watu waliolala. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mto, na mto ukawa mpaka. Huku nchi, na kule nchi.

Ukingo wa huku, kwenye mawe, alikaa Pelele. Pelele mnamjua: mnyama kiasi cha sungura, masikio mafupi, mkia hana. Siku wanyama walipogawiwa mikia, alimtuma mwenzake akamchukulie wake. Mwenzake huyo mpaka leo yuko njiani. Tangu hapo Pelele hatumi mtu.

Mkia hana, lakini ngoma alikuwa nayo, ngoma ya marehemu bibi yake. Ilikuwa imewambwa ngozi, na ngozi ya nani msiniulize. Jioni akiipiga, ti-ku-ti, ti-ku-ti, watu wa huku wanacheza. Wimbo hawana. Wanacheza midomo imefungwa kama wanaodaiwa.

Ukingo wa kule, kwenye matete, alikaa Bi Chura na ukoo wake. Wao waliimba, krooo, krooo, huyu akiacha yule anapokea. Ngoma hawana. Wanaimba wamekaa tu, kama wanaongoja kinyozi.

Masika yakaja, masika yakapita, wakawa wanasikilizana juu ya maji. Huku wanasema, "Watani wetu wale wana sauti, miguu walinyimwa." Kule wanasema, "Watani wetu wale wana miguu, ulimi waliumeza." Mpaka siku moja Bi Chura akaita, "Mtani, hivi tutachekana mpaka lini? Lete ngoma yako, nilete wimbo wangu."

Wakapatana wakutane sikukuu ya mavuno, kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Huku walete maboga, kule walete viazi vitamu.

Upande wa kule maji ni mafupi. Vyura wakaruka, chupu, chupu, wakafika. Upande wa huku kuna kina, na kina kile kina mwenyewe. Mwenyewe ni Kiboko.

Kiboko siku hiyo alikuwa mpole ajabu. Akawavusha watu wa huku mgongoni, akavusha na maboga yao. Wa mwisho alikuwa Pelele na ngoma yake.

"Panda, mdogo wangu."

Pelele akapanda. Mkubwa akiwa mpole bila sababu, ninyi msipande. Yeye alipanda. Walipofika katikati Kiboko akazama kidogo, ngoma ikaelea, akaidaka kwa meno. Kisiwani Pelele akashuka. Ngoma haikushuka.

"Mto ni wangu," Kiboko akasema. "Kinachovuka mto wangu ni changu. Kuanzia leo hii ni Ngoma ya Kiboko. Ninyi mtapiga, wale wataimba, mimi nitakula. Mkikataa, naikanyaga."

Akaiweka chini, akaweka mguu juu yake. Mguu mnene kama kinu. Pelele akaitazama ngoma ya bibi yake chini ya kinu kile.

Watu wa huku wakaanza. "Tulisema sisi, mambo ya kushirikiana na wageni." Vyura nao wakajibu, "Sisi tumeleta sauti. Ninyi mmeleta Kiboko."

Kiboko akaipiga ngoma kuijaribu. Pwata. Akaipiga tena. Pwata, pwata.

"Mbona inalia kama kambale kwenye tope?"

Pelele akatazama jua, liko utosini. Akatazama ngozi ya Kiboko, laini, inachuruzika maji.

"Imelowa, bwana mkubwa. Kwetu ngoma ikilowa hupashwa moto. Ila mimi siwezi kuipasha."

"Kwa nini?"

"Kwetu anayeipasha ni mwenye ngoma, kwa mikono yake. Mwingine akiishika, ndiye anakuwa mwenyewe."

"Basi nyamaza, na usiiguse," Kiboko akasema. "Washeni moto."

Wakawasha matete makavu. Kiboko akakaa mbele ya moto, ngoma mikononi, jua mgongoni. Pelele akamtazama Bi Chura. Bi Chura hakuambiwa kitu, lakini kuimba na mtu ni kumsikia kabla hajasema.

"Na kwetu, bwana mkubwa," akasema, "mwenye ngoma hainuki wimbo ukiwa haujaisha, wala chakula hakiguswi. Akiinuka, kila kitu ni cha waliobaki. Ni mila tu. Wewe unaweza usiifuate, wakasema ngoma si yako."

"Wimbo wenyewe mrefu?"

"Mfupi. Hata mtoto anaumaliza."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," Kiboko akacheka. "Imbeni."

Vyura wakaimba, nusu wakiuliza, nusu wakijibu.

Nani kaja? Mwenye ngoma.
Kaja na nani? Kaja na tumbo.
Tumbo la nani? La aliyekuja.
Nani kaja? Mwenye ngoma.

Watu wa huku wakacheza, na kwa mara ya kwanza wakafungua midomo. Moto ukawaka. Maji mgongoni mwa Kiboko yakakauka.

"Wimbo umefika wapi?"

"Umekaribia, bwana mkubwa."

Kaja na nani? Kaja na tumbo.

Ngozi ya Kiboko ikaanza kuvutika, kwaru, kwaru. Ngozi ya ngoma nayo ikavutika. Akiigonga inasema pwoto, akiigonga inasema toto.

"Sasa umefika wapi?"

"Umefika mwanzo," akasema Bi Chura.

"Mwanzo tena?"

"Wimbo wetu una mwanzo tu. Mwisho hatujawahi kuuhitaji."

Tumbo la nani? La aliyekuja.

Ngozi ikapasuka mgongoni, pasu. Kiboko akasahau mila, akasahau maboga, akasahau na heshima. Akaitupa ngoma mchangani na kukimbia. Chubwiii. Yakabaki macho mawili juu ya maji.

Pelele akaiokota ngoma. Akaigonga kwa kidole kimoja. Tiii. Imekauka sawasawa, kuliko alivyowahi kuipasha yeye.

Wakapiga, wakaimba, wakala, wakateta ladha ya viazi vya watani. Jioni yale macho mawili yakasogea ukingoni.

"Hamkubakiza hata ganda la boga?"

"Yapo," Pelele akasema. "Ni ya mwenye mgongo wa kuvusha. Atuvushe kwanza, vichwa juu, ngoma juu."

Akawavusha. Anavusha mpaka leo, kwa maganda. Na akiulizwa na wapita njia anasema ile ni Ngoma ya Kiboko. Pelele na Bi Chura wanamwitikia, "Naam, bwana mkubwa." Jina halina ngozi ya kupasuka.

Fundisho lake, ukimuuliza Kiboko, ni hili, na mlishike. Kaeni kwenu, msichanganyike na watu wa ng'ambo. Mila zao hamzijui, mnaweza kuungua mgongo.

Hadithi yangu nimeiacha ukingoni. Aliyeipenda aivushe, asiyeipenda akampe Kiboko aipashe moto.