Ghala Lililosubiri Tangazo

Wahenga wetu walituachia methali ya kumtuliza mwenye haraka, kisha wakatuachia nyingine ya kumwamsha aliyebweteka, wakatuamini kwamba tutajua wakati wa kutumia kila moja. Hapo walituamini mno. Binadamu akipewa methali mbili, huchagua ile inayomruhusu kuendelea kukaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema, yaani anayeahirisha jambo lililo mkononi mwake kwa kutazamia jema zaidi, mwisho wake huumia yeye. Mkulima mmoja aliijua vizuri methali hiyo, ila aliipenda zaidi ile isemayo subira huvuta heri.

Majirani walimwita Mzee Taarifa kwa sababu hakupitwa na taarifa ya habari. Redio yake ndogo ilining'inia shingoni hata alipokuwa akipalilia. Mwaka huo mahindi yalikubali. Yeye na mkewe waliyavuna, wakayapukuchua, wakayaanika juu ya turubai mpaka yakakauka kabisa. Kisha wakayajaza katika mifuko waliyoelekezwa na bwana shamba, ile yenye plastiki nzito ndani, ambayo hufungwa kwa kamba hadi hewa isipite.

"Mdudu dumuzi akikosa hewa anakufa, hamna haja ya dawa," bwana shamba aliwaambia. "Ila ukishafunga, usifungue mpaka siku ya kuuza."

Chumba cha kando, walimokuwa wakilala watoto wao kabla ya kuoa na kuolewa, kikajaa mifuko hadi darini.

Mkewe alikuwa na jambo moja tu kichwani: mbegu na mbolea. Mahindi yauzwe, pembejeo zinunuliwe, shamba lipandwe mvua ya kwanza ikinyesha. Katika ardhi yao, aliyechelewa kupanda alivuna mabua. Basi alifurahi alipoliona lori la kaka yake likiingia uani. Kaka huyo alikuwa mnunuzi wa mazao, mtu wa maneno mengi na kitambi kilichomtangulia. Alichota punje katika beseni la mahindi yaliyoachwa nje kwa ajili ya kula, akaing'ata moja.

"Shemeji, haya si mahindi, ni kokoto," alisema. "Mjini unga umepanda, watu wanalia. Nakupa bei ambayo mwaka jana hukuiota. Tupakie leo."

Mzee Taarifa alicheka. "Nilikuchukulia dada, sasa unataka kulipiza kwenye mahindi? Hukusikia redio? Waziri kasema serikali itanunua mahindi yote ya wakulima, kwa bei inayoipita hiyo yako. Tumeambiwa tusiwauzie walanguzi."

"Itanunua lini?"

"Hivi karibuni."

"Hivi karibuni si siku ya wiki, shemeji."

Mkewe aliingilia. "Baba, tumuuzie nusu. Nusu nyingine iingoje hiyo serikali."

"Mama, subira huvuta heri," alijibu, na lori likaondoka tupu.

Kuanzia siku hiyo hakukukalika nyumbani. Mzee Taarifa aliranda kama kuku mwenye yai asiyeona pa kutagia. Mara yuko njia panda akiuliza wapita njia kama kituo cha ununuzi kimefunguliwa, mara yuko barazani akizungusha kitufe cha redio. Taarifa ikisomwa, waziri alikuwa amefungua mkutano. Taarifa nyingine ikisomwa, alikuwa ameufunga. Na kila alipokosa alichokitaka, Mzee Taarifa aliingia chumba cha kando, akafungua mfuko, akatia mkono, akanusa, akafunga tena. Kesho yake alifungua mwingine. Siku moja mkewe alimkuta humo.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama yako salama."

"Yalikuwa salama kabla hujayaangalia."

"Wewe hujui kuvumilia, mama."

Kusema kweli, asiyejua kuvumilia alikuwa yeye. Mwenye subira hulala usingizi. Huyu aligaagaa kitandani hadi mkewe akahamia mkeka. Alichokuwa nacho ni wasiwasi mtupu, nao aliupa jina la subira ili usimwaibishe.

Hatimaye tangazo lilikuja, lakini silo. Kwa kuwa bei ya unga ilikuwa imewashinda watu wa mijini, serikali iliruhusu mahindi ya nje yaingie bila ushuru. Waziri yuleyule alisema hatua hiyo ni ya muda na mkulima asiwe na hofu. Si haki kumlaumu mwenye njaa kwa kutaka kula. Lakini kumwambia mkulima asiuze, kisha kuwafungulia mlango wengine kabla ya kununua ya kwake, ni kumfunga mtu mkono mmoja na kumtaka apige makofi. Wiki hiyohiyo bei ikaporomoka.

Shemeji alirudi, safari hii bila utani. Bei aliyoitaja haikufika nusu ya ile ya kwanza.

"Hiyo ni bei ya kunitukana," Mzee Taarifa alisema.

"Inatosha mbegu," mkewe alisema. "Baba, inatosha mbegu."

"Serikali haiwezi kututupa. Vituo vitafunguliwa."

Shemeji alijikuna kidevu. "Nimekuja kwa ajili ya dada yangu. Kuanzia kesho lori langu linabeba hayo ya nje. Nisije nikalaumiwa."

Mkewe alimsindikiza kaka yake hadi barabarani, akarudi macho mekundu. "Mvua inakaribia," alimwambia mumewe. "Tutapanda nini?"

"Tutapanda tu."

"Nimeuliza tutapanda nini."

Mumewe aliongeza sauti ya redio.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kutanda kituo kilipofunguliwa. Mzee Taarifa alikodi trela, akapakia mifuko yote, akakaa juu yake kama bwana harusi. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani. Alichoma mfuko wa kwanza. Zikatoka punje zilizotoboka, na vumbi jeupe, na dumuzi waliokuwa wakitembea bila haraka.

"Mzee, mifuko hii ilifunguliwa?"

"Kidogo tu."

"Hewa haiingii kidogo tu, mzee wangu."

Alichoma wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka akachoka. Hali ilikuwa ileile, maana Mzee Taarifa alikuwa ameifungua yote kwa zamu, akiishusha na kuipandisha, hakupendelea hata mmoja. Mkaguzi alimhurumia, lakini huruma haikubaliwi ghalani. Mzigo wote ukaishia kwa mfugaji wa kuku, na alichoambulia Mzee Taarifa kilitosha kulipia trela tu.

Mvua ilinyesha. Majirani waliouza mapema walikuwa na mbegu, wakapanda. Shamba la Mzee Taarifa lilibaki na mabua ya mwaka uliopita. Mkewe alichukua jembe, akaenda kufanya kibarua cha kupanda katika shamba la jirani. Hakumsimanga mumewe, hakumnunia. Mzee Taarifa angependa atukanwe, kwa maana matusi angeyajibu. Aliona aibu hata kusimama mlangoni mwake.

Unga ulipokwisha, alikwenda dukani.

"Huu wa rahisi ni wa mahindi ya nje," muuza duka alimwambia.

Alinunua pakiti ndogo, akaificha ndani ya koti njia nzima, yeye ambaye chumba chake cha kando kilikuwa kimejaa hadi darini.

Mkewe alirudi na tope hadi magotini, akapika, wakakaa kula. Chakula kilikuwa kidogo na wote wawili walijifanya hawaoni. Redio ilitangaza kwamba vituo vya ununuzi vimefungwa kwa msimu huo, na kwamba waziri anawashukuru wakulima kwa subira yao.

Mkewe aliacha kula. "Zima, baba," alisema kwa upole.

Alizima. Alimsogezea mkewe sahani iliyobaki na chakula, akasema ameshiba, na mkewe hakumbishia. Alilala bila usingizi, safari hii kwa njaa, na hakutafuta tena methali ya kumtetea. Alikuwa amejua kwa tumbo lake mwenyewe kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.