Soda Iliyolala

Hapo zamani za kale, wanangu, soda haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa nyumbani kwa ajili ya siku ya ukoo kukutana, na ilikuwa tamu kuliko hizi zenu za rangi rangi. Msinibishie! Ninyi mmezaliwa juzi tu.

Basi, kulikuwa na Kindi mmoja, Bi Mashavu. Kila mwaka baada ya mavuno, makindi wote wa ukoo wake walikusanyika kwa bibi yake kunywa soda ya tangawizi. Mwaka huo bibi hakuwapo tena, Mungu amrehemu. Mashavu akasema, "Nitaitengeneza mwenyewe. Ndugu zangu wakikosa hata soda ya bibi, mwakani nani atakuja?"

Akatwanga tangawizi, twa! twa! twa! Akatia sukari, ndimu na hamira kidogo, kama bibi alivyomfundisha. Akajaza chupa, akaziziba kwa magunzi ya mahindi, akazifunga kamba, akaziacha zilale. Nyumba nzima ikanukia bibi. Mashavu akalia kidogo, akajifuta machozi.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mlango ukasukumwa, puu! Alikuwa jirani yake, Ndovu.

"We Kindi! Harufu hii imeninyima usingizi. Lete chupa zote!"

"Shikamoo, Mzee Ndovu. Karibu ukae. Wageni wakifika, nawe utapata kikombe chako."

"Kikombe? Mwili wote huu, kikombe? Zote, nimesema! Au niikanyage nyumba?"

Mashavu akawaza haraka. Soda ikiondoka, ukoo nao umeondoka.

"Haya, Mzee, mwenye nguvu mpishe. Ila pole, soda yenyewe imelala."

Ndovu akatega masikio. "Imelala? Soda nayo hulala?"

"Si niliilaza tangu jana! Ukiinywa ikiwa usingizini, ni maji matupu."

"Basi iamshe!"

"Mimi? Thubutu! Huamka na hasira, nami mikono yangu midogo."

"Ondoka hapa! Mimi ninayeng'oa miti, nishindwe na chupa? Huamshwaje?"

"Kama mtoto aliyelala fofofo. Itikise sana, halafu sogeza jicho uone kama imeamka."

Ndovu akaikamata chupa moja kwa mkonga. Chaka! chaka! chaka! "Amka! Amka, mvivu we!" Akasogeza jicho.

PAAA! Kamba ikakatika, gunzi likampiga kwenye paji la uso. Povu la tangawizi likamjaa machoni, likamwingia mpaka ndani ya mkonga.

"Mamaaa! Nakufa! Inawasha!"

"Shhh! Taratibu, Mzee!" Mashavu akamnong'oneza. "Huyo ni kitindamimba. Kaka zake bado wamelala pale. Ukipiga kelele utawaamsha wote!"

Lo! Ndovu akafumba mdomo. Akanyata kwa ncha za vidole, nyata, nyata, mpaka nje. Alipofika uani akatimua mbio, gudu! gudu! gudu!

Jua lilipopanda, wageni wakafika. Shangazi mkubwa akanywa funda moja, akafumba macho.

"Mashavu, mwanangu," akasema, "huu ni mkono wa mama kabisa."

Wote wakamkumbuka bibi. Kisha Mashavu akawasimulia habari za Ndovu, wakacheka hadi soda ikawatoka puani. Na mwaka uliofuata walikuja tena, na watoto wao.

Basi shikeni hili, wanangu: kwenye karamu ya watu, anayebisha hodi hupewa kikombe, anayevunja mlango huambulia povu.